Paneli mpya za perovskaiti: je, zitastahimili jua la Mwingi?

SAFU YA ELIMU KWA UMMA

Wakazi wa Mwingi hawahitaji kufafanuliwa maana ya jua kali. Ndilo jua linalokausha ndengu uwanjani na kumaliza maji ya vidimbwi kabla mvua ya Novemba kufika. Katika miaka ya karibuni limekuwa pia chanzo cha mwanga wa nyumbani, cha kuchaji simu na cha kusukuma maji ya visima. Kuanzia Migwani hadi Tseikuru, kutoka Nuu hadi Kyuso, paneli za sola zimekuwa sehemu ya paa la nyumba, la duka, la shule na la zahanati.

Sasa kuna jina jipya linalotajwa katika habari za sayansi: perovskaiti. Inasemekana seli za aina hii zitatoa umeme mwingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi kuliko paneli tulizozoea. Habari za namna hii huzua maswali mawili kwa mwananchi anayepanga matumizi ya pesa zake. Je, ninunue paneli leo au ningoje hizo mpya? Na muuzaji akinijia akisema paneli yake ni ya teknolojia mpya, nitajuaje ukweli?

Makala haya yanaeleza perovskaiti ni nini, wanasayansi wamefikia wapi katika kuongeza ufanisi wake, na kwa nini kudumu kwake bado ni kazi inayoendelea. Mwishoni tumeweka hesabu rahisi ambayo kila mnunuzi anaweza kuifanya dukani akiwa na futi ya kupimia na simu yake.

Ufanisi maana yake nini

Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, mita moja ya mraba ya ardhi inayoelekea jua hupokea kawi ya takriban wati 1,000. Hicho ndicho kipimo kinachotumiwa duniani kote kupima paneli. Paneli yenye ukubwa wa mita moja ya mraba ikitoa wati 200 katika hali hiyo, basi ufanisi wake ni asilimia 20. Kawi inayobaki hugeuka joto au huakisiwa na kurudi hewani.

Ndani ya paneli, mwanga huja kama chembe ndogo zenye kawi. Chembe ya mwanga ikigonga seli, huibandua elektroni kutoka mahali pake. Elektroni hiyo ikikusanywa na kupitishwa kwenye waya, tunapata umeme. Lakini safari yake kutoka ndani ya seli hadi kwenye waya ina mashimo mengi. Ni kama mtu anayebeba maji kutoka mtoni kwa mtungi unaovuja: anachofikisha nyumbani ni kidogo kuliko alichochota. Kazi kubwa ya wanaoboresha seli za jua ni kuziba mashimo hayo, ili elektroni nyingi zifike kabla ya kupotea njiani.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba vipimo vya kiwandani hufanywa seli ikiwa na joto la nyuzi 25 pekee. Paa la mabati la Mwingi mwezi wa Februari halijui nyuzi 25. Seli iliyo juu ya paa hilo adhuhuri inaweza kufikia nyuzi 60. Paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Kwa hivyo paneli ya wati 300 ikipata joto la nyuzi 60, hubaki na wati 263 hivi. Ndiyo sababu mafundi huacha nafasi kati ya paneli na mabati ili hewa ipite.

Jiwe la Urusi lililogeuka seli

Jina perovskaiti lilianza kama jina la jiwe. Mwaka 1839 mwanasayansi Mjerumani Gustav Rose alichunguza madini kutoka milima ya Ural nchini Urusi na kuyapa jina la afisa wa Urusi, Lev Perovski. Madini hayo yana kalsiamu, titani na oksijeni, na chembe zake zimepangika kwa namna ya pekee. Baadaye kila kitu chenye mpangilio wa aina hiyo kiliitwa perovskaiti, hata kama hakina kalsiamu wala titani.

Perovskaiti inayotumika katika seli za jua haichimbwi ardhini. Hutengenezwa katika maabara kwa kuchanganya chumvi zenye madini ya risasi, iodini au bromini, na kiungo cha tatu kinachokaa katikati ya mpangilio huo. Mchanganyiko huo hupakwa juu ya kioo ukiwa majimaji, kisha hupashwa joto la nyuzi 100 hadi 150, ukakauka na kuwa utando mweusi. Ukilinganisha, silikoni huyeyushwa katika joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Utando wa perovskaiti una unene wa takriban nusu ya elfu moja ya milimita, wakati kipande cha silikoni katika paneli ya kawaida kina unene wa mara 300 hivi zaidi. Malighafi ni kidogo, moto ni mdogo, na kazi inaweza kufanywa kwa kupaka au kuchapisha kama gazeti. Hapo ndipo matumaini ya bei nafuu yanapotoka.

Seli hizi zilizaliwa kutokana na aina nyingine iitwayo seli za jua za rangi, ambazo Michael Grätzel na Brian O'Regan walizitangaza nchini Uswisi mwaka 1991. Huku kwetu si jambo geni pia. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiwemo wataalamu kama Profesa Bernard Aduda, imefanya utafiti wa seli hizo za rangi kwa miaka mingi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Uswidi.

Kutoka asilimia 3.8 hadi zaidi ya 26

Mwaka 2009 nchini Japani, Tsutomu Miyasaka na wenzake walichukua seli ya rangi, wakaondoa rangi na kuweka perovskaiti. Ufanisi ulikuwa asilimia 3.8 tu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba seli hizo za mwanzo zilikuwa na majimaji ndani yake, na majimaji hayo yaliyeyusha perovskaiti kwa muda mfupi sana.

Mwaka 2012 kikundi cha Nam-Gyu Park wa Korea Kusini na kile cha Henry Snaith wa Chuo Kikuu cha Oxford viliondoa majimaji na kuweka vitu vikavu. Ufanisi ukafika karibu asilimia 10, na seli zikaanza kuishi zaidi. Tangu hapo maabara nyingi duniani ziliingia katika kazi hii. Leo seli ndogo za perovskaiti zimevuka asilimia 26. Silikoni ilianza mwaka 1954 katika maabara ya Bell nchini Marekani ikiwa na asilimia 6, na ilihitaji miongo kadhaa kufika hapo.

Mambo matatu yalichangia kupanda huko. Kwanza, watafiti walijifunza kukausha utando ukawa laini bila vitundu. Pili, walibadilisha viungo vya mchanganyiko ili fuwele zake ziwe imara. Tatu, walipaka dawa maalumu juu ya fuwele ili kuziba kasoro ambazo elektroni huzama humo. Hiyo ndiyo kazi ya kuziba mtungi tuliyoitaja.

Hapa pana tahadhari. Rekodi nyingi unazosoma ni za seli ndogo kuliko ukucha wa kidole. Kupaka utando usio na kasoro kwenye eneo la ukucha ni jambo moja, na kuupaka kwenye paneli ya mita mbili za mraba ni jambo lingine. Ufanisi wa paneli nzima kwa kawaida huwa chini ya ule wa seli ya maabara.

Mnunuzi wa ndengu na chekeche mbili

Faida kubwa ya perovskaiti huenda isiwe kuiondoa silikoni sokoni, bali kufanya kazi juu yake. Ili kuelewa, tufikirie soko la ndengu.

Mnunuzi mmoja anafika sokoni na bei moja. Punje kubwa, punje ndogo, zote analipa bei ya punje ndogo. Mkulima mwenye punje kubwa anapoteza. Silikoni hufanya vivyo hivyo na mwanga. Chembe za mwanga wa buluu zina kawi nyingi, za mwanga mwekundu zina kawi kidogo, lakini silikoni hutoa malipo yaleyale kwa zote. Kawi inayozidi hupotea kama joto. Kwa sababu hiyo, kwa mujibu wa kanuni za fizikia, silikoni peke yake haiwezi kuvuka asilimia 29 na kitu hata ikitengenezwa vipi.

Sasa fikiria mkulima anapopitisha ndengu kwenye chekeche mbili. Ya juu ina matundu makubwa, inashika punje kubwa ambazo zitauzwa kwa bei nzuri. Punje ndogo zinapita na kushikwa na chekeche ya chini. Kila daraja inapata bei yake. Seli ya tabaka mbili hufanya hivyo: perovskaiti inakaa juu na kushika mwanga wenye kawi nyingi, na mwanga wenye kawi ndogo unapenya hadi kwenye silikoni iliyo chini. Perovskaiti inafaa kwa kazi hii kwa sababu mtengenezaji anaweza kubadilisha viungo vyake na kuamua ishike mwanga wa aina gani, sawa na kuchagua ukubwa wa matundu ya chekeche.

Matokeo yanaonekana. Aprili 2025 kampuni ya LONGi ya China ilitangaza seli ndogo ya tabaka mbili yenye ufanisi wa asilimia 34.85. Mwaka 2024 kampuni ya Oxford PV, yenye kiwanda Brandenburg nchini Ujerumani, ilianza kuuza paneli za tabaka mbili zenye ufanisi wa asilimia 24.5 kwa mteja aliyejenga mtambo wa umeme nchini Marekani.

Tulinganishe na mradi ulio karibu nasi. Ukifuata barabara ya kutoka Thika kupitia Mwingi hadi Garissa, utafika kwenye mtambo wa sola wa Garissa uliozinduliwa Desemba 2019. Una paneli zaidi ya 200,000 za wati 265 kila moja, juu ya ekari zaidi ya 200 za ardhi, na unaweza kutoa takriban megawati 50. Ufanisi wa paneli za ukubwa huo ni asilimia 16 hivi. Kwa paneli za asilimia 24.5, umeme huohuo ungetoka kwenye theluthi mbili ya eneo la paneli. Hiyo ni vyuma vichache, nyaya chache na siku chache za mafundi.

Maadui wa perovskaiti

Iwapo habari ni njema namna hii, mbona madukani hatuzioni? Jibu ni kwamba seli hizi huchakaa haraka. Fuwele za silikoni zimeshikana kwa nguvu mithili ya mwamba. Fuwele za perovskaiti zimeshikana kwa nguvu ndogo, karibu na chumvi. Kile kinachofanya iwe rahisi kuitengeneza kwa moto mdogo ndicho kinachofanya iwe rahisi kuiharibu. Maadui wake wakuu ni hawa:

Unyevu. Maji au mvuke ukiingia, fuwele nyeusi huvunjika na kuacha chumvi ya njano ya risasi na iodini. Seli iliyogeuka njano haitoi tena umeme wa maana.

Joto. Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa na kiungo ambacho hutoroka kama gesi joto likikaribia nyuzi 85. Kikishatoka, hakirudi.

Miale ya urujuanimno. Sehemu hii ya mwanga wa jua, isiyoonekana kwa macho, huchochea uharibifu, hasa pale perovskaiti inapogusana na tabaka la oksidi ya titani.

Ayoni zinazohama. Ndani ya fuwele, chembe za iodini zenye chaji hazitulii. Seli ikiwa juani na umeme ukipita, husogea polepole hadi zikafika kwenye tabaka la fedha linalokusanya umeme na kulila.

Mchana na usiku. Seli hupanuka ikipata moto na kusinyaa ikipoa. Hufanya hivyo kila siku, mwaka mzima, hadi tabaka zake zinaanza kuachana.

Hali ya Mwingi inagusa karibu kila mmoja wa maadui hawa. Kwa miezi mingi hewa yetu ni kavu, na hiyo ni nafuu kwa upande wa unyevu. Lakini joto ni kali, mwanga wa urujuanimno ni mwingi kwa kuwa tuko karibu na ikweta, na tofauti kati ya paa la mchana na la alfajiri ni kubwa. Halafu mvua za Novemba na Aprili huja kwa kishindo na kupima kila ufa uliofunguliwa na miezi ya joto. Kwa hiyo paneli iliyofaulu katika nchi ya baridi haijathibitisha kwamba itafaulu hapa.

Njia za kuzikinga

Watafiti hawajakaa wakitazama. Kiungo kinachotoroka kimebadilishwa na vingine vinavyostahimili joto, hasa formamidiniamu na sisiamu. Juu ya fuwele hupakwa utando mwingine mwembamba wa perovskaiti yenye molekuli kubwa zisizopenda maji, sawa na kupaka nta. Tabaka la fedha linaweza kubadilishwa na kaboni, ambayo iodini haiwezi kuila kirahisi. Oksidi ya titani nayo inaweza kubadilishwa na oksidi ya bati, isiyochochea uharibifu chini ya miale ya urujuanimno.

Mwisho kabisa kuna kufunika. Seli hulazwa kati ya vioo viwili na ukingo wote kuzibwa kwa mpira maalumu usiopitisha mvuke. Hii ni kazi ya kawaida kusikia, lakini wataalamu wengi wanaiona kuwa sawa kwa umuhimu na kemia ya ndani. Fuwele nzuri ndani ya ukingo unaovuja haitafika mbali.

Yapo pia masuala ya kipimo. Kwa muda mrefu kila maabara ilipima kudumu kwa njia yake, na ikawa vigumu kulinganisha. Mwaka 2020 kundi kubwa la watafiti kutoka nchi mbalimbali lilikubaliana taratibu za pamoja za kupima na kuripoti. Kwa paneli zinazokwenda sokoni kuna kiwango cha kimataifa cha IEC 61215, ambacho miongoni mwa mengine huiweka paneli katika joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, na kuipitisha kati ya baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri na joto la nyuzi 85 mara 200.

Saa 1,000 ni muda gani?

Msomaji wa habari za sayansi atakutana mara nyingi na sentensi kama hii: seli mpya imedumu saa 1,000. Inasikika kama muda mrefu. Tufanye hesabu ya Mwingi.

Hapa kwetu mchana una takriban saa 12 mwaka mzima. Saa 1,000 za mwanga ni siku 83, yaani hazifiki miezi mitatu. Ni kuanzia kupanda ndengu mvua ya Oktoba inapoanza hadi kuvuna. Mwaka mmoja una saa 4,380 za mchana. Miaka 25, ambao ndio muda wa dhamana ya nguvu kwa paneli nyingi za silikoni, ina saa 109,500.

Ni haki kusema kwamba vipimo vya maabara mara nyingine hufanywa kwa joto kali kuliko la kawaida, ili saa chache ziwakilishe miaka. Lakini kutoka saa 1,000 hadi saa 109,500 ni umbali wa mara 109. Silikoni imeshausafiri umbali huo: zipo paneli zilizofungwa miongo kadhaa iliyopita ambazo bado zinatoa umeme, na kwa kawaida hupoteza karibu nusu ya asilimia moja tu kwa mwaka. Perovskaiti imetimiza miaka michache tu nje ya maabara. Hakuna njia ya mkato ya kuishi miaka 25.

Watafiti hutumia kipimo kinachoitwa muda wa asilimia 80: ni muda gani hadi paneli ibaki na asilimia 80 ya nguvu zake za kwanza? Hebu tuone upungufu huo una maana gani kwa jamii.

Hesabu ya mitungi kisimani

Chukua kisima ambacho maji yake hupandishwa mita 100. Kwa pampu ya kawaida, kupandisha mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, huchukua takriban uniti 0.55 za umeme. Kisima kina paneli 10 za wati 400, jumla wati 4,000. Kwa saa tano za jua kamili kwa siku, bila kuhesabu hasara ya vumbi na joto, paneli hizo hutoa uniti 20. Maji yanayopatikana ni kama lita 36,000, sawa na mitungi 1,800 ya lita 20.

Paneli zikibaki na asilimia 80 ya nguvu, hutoa uniti 16. Maji yanashuka hadi lita 29,000, sawa na mitungi 1,450. Kila siku mitungi 350 imepotea. Ikiwa hilo litatokea baada ya miaka 25, kamati ya maji imekuwa na muda wa kuweka akiba na kununua nyingine. Likitokea baada ya miaka mitatu, kuna akina mama watakaorudi kwenye foleni ya usiku na mifugo itakayorudishwa kwenye mto mkavu.

Hesabu hiyo inaonyesha kitu ambacho vichwa vya habari husahau. Katika uwanja wa kisima cha Ngomeni au cha Mumoni, nafasi ya kuongeza paneli mbili au tatu kwa kawaida ipo. Asilimia 18 au asilimia 24 si tofauti inayoamua kama watu watapata maji. Kinachoamua ni iwapo mtambo utafanya kazi mwaka wa 10. Ufanisi mkubwa una thamani zaidi pale nafasi ni finyu, kama paa la duka mjini Mwingi, au pale gharama ya vyuma na ardhi ni kubwa, kama mtambo wa Garissa. Kwa miradi ya vijijini, kudumu kunatangulia.

Madini ya risasi yaliyomo

Seli bora za perovskaiti hadi sasa zina madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Wakenya wanajua. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni.

Kiasi kilichomo kwenye perovskaiti ni kidogo, chini ya gramu moja kwa mita ya mraba. Betri moja ya gari ina kilo kadhaa. Lakini risasi ya perovskaiti huyeyuka katika maji kwa urahisi zaidi, kwa hivyo kioo kilichopasuka juu ya paa linalovunia maji ya mvua si jambo la kupuuza. Watafiti wanatengeneza tabaka zinazonasa risasi kioo kikivunjika, na wengine wanajaribu bati badala ya risasi, ingawa seli za bati bado zina ufanisi mdogo na huharibika upesi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata inapokuwa taka, na paneli za aina yoyote hazipaswi kutupwa ovyo. Kwa sasa hatari iliyo karibu zaidi na nyumba zetu ni betri kuukuu za risasi, ambazo hazifai kuvunjwa uani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyumba isiyo na taa leo isingoje perovskaiti. Paneli ya silikoni iliyo bora ipo, imejaribiwa na inafanya kazi. Perovskaiti itakapokuwa tayari kwa miaka 25 ya jua letu, itakuja sokoni na vipimo vyake. Kabla ya kulipa, fanya yafuatayo:

1. Pima paneli. Zidisha urefu kwa upana katika mita. Gawanya wati zilizoandikwa kwa jibu hilo, kisha gawanya kwa 10. Hiyo ndiyo asilimia ya ufanisi. Mfano: paneli ya mita 1 kwa mita 0.5 ina nusu mita ya mraba. Ikiwa imeandikwa wati 100, ufanisi ni asilimia 20, na hilo linawezekana. Ikiwa imeandikwa wati 200, ufanisi ni asilimia 40, na hata seli ya rekodi ya LONGi haijafika hapo. Lebo hiyo ni ya uongo.

2. Uliza aina ya seli. Akikuambia ni perovskaiti, omba hati ya vipimo vya IEC 61215 yenye jina la paneli hiyohiyo. Asipokuwa nayo, ondoka.

3. Pata dhamana kwa maandishi. Kuna dhamana ya bidhaa kuharibika na dhamana ya nguvu kupungua. Uliza miaka ya kila moja na nani atalipa. Ahadi ni deni iwapo tu mdaiwa anajulikana anakopatikana.

4. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, na utumie muuzaji na fundi wenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Usione haya kuomba kuiona leseni.

5. Hifadhi risiti na upige picha lebo iliyo nyuma ya paneli. Bila hivyo, dai la dhamana huwa gumu.

6. Kamati za maji na bodi za shule ziandike katika zabuni muda ambao paneli itabaki na angalau asilimia 80 ya nguvu zake. Kuandika wati pekee hakutoshi.

Na kwa paneli ulizo nazo tayari, ufanisi wa bure upo: pangusa vumbi alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa kitambaa laini na maji kidogo. Kata matawi yanayotupa kivuli. Hakikisha hewa inapita kati ya paneli na mabati.

Kwa vijana wa vyuo vyetu vya ufundi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, kuna nafasi pia. Sehemu kubwa ya majaribio ya perovskaiti imefanywa katika nchi za baridi na ndani ya maabara. Dunia inahitaji vipimo kutoka paa lenye joto, vumbi na mvua ya ghafla. Mtu anayejua kupima volti na ampea kila siku kwa mwaka mzima, na kuandika alichokiona bila kupunguza wala kuongeza, anaweza kuchangia elimu ambayo maabara za Ulaya na Asia hazina. Hata paneli ya silikoni iliyo juu ya bweni inatosha kuanzia: daftari, mita ya umeme, na saa sita mchana ya kila siku.